Tuulize Draiva Kabla ya Kununua Kompyuta

Muhula huu pamekuwa na majadiliano mengi hapa shuleni juu ya zile kompyuta 18 za chumba chetu cha kompyuta. Zote zatumia Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida kutoka Microsoft ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haizikubali, maana inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, nazo hazina. Basi wengine wasema ziuzwe, zichangiwe mpya. Wengine wasema ziwekewe Linux, ziendelee na kazi. Mimi ni wa upande huu wa pili. Walakini naona pande zote mbili zimesahau neno moja, nalo ni draiva. Naomba wasomaji wanivumilie nilieleze neno hilo, kisha nitoe shauri langu.

Kompyuta ina vifaa tunavyovishika kwa mkono, kama kibodi na printa; tena ina mfumo endeshi, yaani programu kuu inayovitawala vifaa hivyo. Mfumo hauwezi kujua kila kifaa kilichotengenezwa duniani. Printa ya kiwanda hiki hupokea amri kwa namna yake, na ya kiwanda kile kwa namna nyingine. Draiva ni programu ndogo ikaayo katikati, ikizigeuza amri za mfumo ziwe maneno ambayo kifaa kinayaelewa.

Sisi wa Mwanza twaweza kulifahamu jambo hili upesi. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwezi Juni 2025, mtu aliyekwenda Sengerema kwa njia ile alitegemea kivuko. Gari lake huenda lilikuwa zima, na barabara ya ng'ambo ilikuwa nzuri, lakini kivuko kisipokuja alikaa Kigongo akiitazama Busisi. Ndivyo ilivyo bila draiva: kompyuta nzima, printa nzima, na karatasi haitoki.

Linux ilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchi ya Finland. Ni programu huria, yaani kila mtu ana ruhusa ya kusoma jinsi ilivyoandikwa, kuibadili na kuwagawia wengine. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux, na jina lake ni neno la Kibantu lenye maana ya utu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu, kwa lugha ya Kiswahili. Basi asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya wageni tu.

Taabu yatoka wapi? Viwanda vingi huandika draiva kwa ajili ya Windows, kwa kuwa huko ndiko waliko wanunuzi wengi. Tena vingine huficha siri za vifaa vyao visije vikaigwa. Habari hii ni ya zamani. Karibu na mwaka 1980 Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT, Marekani. Maabara ilikuwa na printa iliyokwama karatasi mara kwa mara. Stallman alitaka kuirekebisha programu yake ili iwe ikiwaarifu watu kila inapokwama, lakini akanyimwa maandishi ya programu ile. Jambo hilo lilimkera sana, na mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, ambao programu zake zatumika pamoja na Linux mpaka leo.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba hali haikubadilika. Watu wa kujitolea wamekaa miaka mingi wakichunguza vifaa vilivyofungwa, mpaka wakaweza kuviandikia draiva wenyewe. Mwaka 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wakuu wa kazi ya Linux, alivitangazia viwanda kwamba wataandikiwa draiva bila malipo, mradi watoe maelezo ya vifaa vyao. Mwaka 2010 Broadcom walitoa draiva huria ya chipu zao mpya za mtandao usio na waya. Mwaka 2022 Nvidia nao, ambao walilaumiwa sana kwa usiri, walianza kufungua sehemu ya draiva zao. Kwa upande mwingine, watu wa Debian, wanaoshika sana sheria ya programu huria, walipiga kura mwaka 2022 wakakubali kutia katika mfumo wao programu za ndani za vifaa zisizo huria, na toleo la 12 la mwaka 2023 likatoka hivyo. Kila upande umesogea kidogo.

Sasa nirudi kwetu. Chama chetu cha kompyuta kilijaribu Linux katika kompyuta mbili kwa kutumia flashi, pasipo kufuta kitu chochote kilichomo. Picha ilikuja, sauti ilikuja, kibodi na kipanya vilitii, na waya wa mtandao ulifanya kazi. Lakini kile kifaa kidogo cha kunasa mtandao usio na waya hakikuonekana kabisa, na printa ya shule ilikataa. Wenzetu wa upande wa pili wakashangilia, wakasema, "Mmeona? Linux haifai!"

Mimi sikubaliani nao. Najua ofisi moja ambayo skana yake ilikuja na CD ya draiva ya Windows XP. Ofisi iliponunua kompyuta mpya yenye Windows 10, skana ilikataa, kwa sababu kiwanda hakikuandika draiva nyingine. Skana ile haikuwa na ubovu wowote, lakini leo imefunikwa vumbi juu ya kabati. Basi ugonjwa ni mmoja pande zote: draiva iliyofungwa huishi kwa hiari ya kiwanda. Kiwanda kikichoka, kifaa chako kimekufa kingali kizima. Draiva huria iliyokubaliwa ndani ya Linux huja pamoja na mfumo wenyewe, na mwenye kuiandika akichoka, mwingine aweza kuishika kazi yake.

Wengine watasema kwamba waajiri wanataka watu wanaojua Windows. Neno hili lina kweli, nami napendekeza kompyuta mbili mpya zenye Windows zinunuliwe hapo fedha itakapopatikana. Lakini mwanafunzi aliyejifunza kupanga jedwali na kuandika barua katika LibreOffice hatashindwa na programu nyingine. Mwanafunzi asiyegusa kompyuta kabisa, kwa kuwa kumi na nane zimeuzwa na mbili zagombewa na darasa zima, huyo ndiye atakayeshindwa.

Shauri langu ni hili. Kwanza, kompyuta zote 18 zijaribiwe kwa flashi, moja moja, na matokeo yaandikwe katika daftari: jina la kifaa, namba yake, kimekubali au kimekataa. Pili, printa ile ibaki na kompyuta yake ya Windows, isiyounganishwa na intaneti, mpaka itakapochakaa. Tatu, shule ikinunua printa nyingine, tuulize dukani kama yaweza kuchapa bila draiva maalumu. Siku hizi printa nyingi mpya za mtandao zaweza. Tena twende na flashi yetu, ijaribiwe palepale mbele ya muuzaji. Nne, mfadhili akitaka kutupa vifaa, tumshukuru, kisha tumwulize swali lilelile kwa adabu. Kuuliza si ujinga.

Mvuvi wa Igombe au wa Ukerewe hanunui mashine ya mtumbwi kwa kutazama rangi yake. Huuliza kwanza: spea zake zapatikana Mwanza? Fundi wa hapa aweza kuifungua? Maana mashine ikizimika usiku katikati ya ziwa, cheti cha kiwanda hakitampigia kasia. Yatupasa nasi tununue kompyuta kwa akili hiyo ya mvuvi.

Sisi wa kidato cha nne tutafanya Mtihani wa Taifa mwezi Novemba, kisha tutaondoka. Daftari lile halitatufaa sisi. Litamfaa mtoto wa kidato cha kwanza ambaye hajawahi kuwasha kompyuta, na ambaye hajui kwamba watu wanabishana kama ziuzwe au zibaki. Namwomba kila mwanachama wa chama chetu aanze kuandika wiki hii.