Apple Yazijua Herufi, Mbona Haisemi Kiswahili?

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo hunijia kila ninapowasikiliza mashabiki wa kampuni ya Apple, nami nikiwa mmoja wao, wakizimiminia sifa simu na kompyuta zake kana kwamba zilishushwa kutoka mbinguni. Ushabiki wa mashine haupishani sana na ushabiki wa kandanda, ila kwa jambo moja: timu ikicheza ovyo, shabiki wa kandanda humzomea kocha, ilhali shabiki wa Apple hutafuta udhuru. Katika makala haya nitamsifu mgema, kwa kuwa anastahili sifa, kisha nitaonyesha yalipo maji.

Sifa zangu hazihusu kioo wala mng'aro. Sisi watu wa isimu riziki yetu imo katika herufi na sauti, na ni katika uwanja huo ambapo Apple iliwatangulia wengi. Macintosh ya kwanza ilipozinduliwa tarehe 24 Januari 1984, kompyuta nyingi za mezani zilikuwa zikionyesha maandishi kama taipureta: herufi zote upana mmoja, 'i' ikipewa nafasi sawa na 'm'. Macintosh ilikuja na fonti kadha wa kadha, herufi zake zikiwa na upana unaotofautiana kama inavyopasa, na mwandishi akaweza kuona kwenye skrini jinsi ukurasa wake utakavyotokea karatasini. Steve Jobs, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, aliwaeleza wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2005 kwamba chanzo cha hayo kilikuwa somo la sanaa ya mwandiko alilohudhuria katika Chuo cha Reed baada ya kuacha masomo rasmi. Mwalimu anayeambiwa na mzazi kwamba somo lake halina kazi na alikumbuke hilo.

Nyingi za fonti hizo zilipewa majina ya miji mashuhuri: Chicago, Geneva, London, New York, Venice. Mji wa Afrika uliobahatika kuwamo ni Cairo peke yake, na fonti yake haikuwa na herufi bali vijipicha, bila shaka kwa kukumbuka maandishi ya kale ya Misri. Sidhani kuwa msanifu wake, Susan Kare, alikusudia kejeli yoyote. Hata hivyo mtu wa isimu hawezi kulipita jambo hilo bila kutabasamu: Ulaya na Marekani zilipewa maneno, Afrika ikapewa picha.

Kubwa zaidi lilikuja baadaye, na mashabiki hawalitaji sana kwa kuwa halishikiki mkononi. Kuanzia mwaka 1987, Joe Becker wa kampuni ya Xerox pamoja na Lee Collins na Mark Davis wa Apple walianza kubuni mfumo wa kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake moja isiyobadilika. Mfumo huo ni Unicode, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Kabla yake alama za fonetiki ziliishi kwa hisani ya fonti. Ukiandika ŋ au ɓ katika mashine yako, ukampelekea mwenzako asiye na fonti ile ile, yeye alipokea vioja: mabano, alama za dola, viulizo vilivyofuatana kama siafu. Leo mwanafunzi wa fonolojia mjini Eldoret huandika ɓ, na mhadhiri wa Dar es Salaam akaiona ɓ hiyo hiyo, mashine yake iwe ya kampuni yoyote ile. Apple haikuutoa mchango huo peke yake, lakini ilikuwamo tangu mwanzo.

Hata katika mambo madogo mkono wa mjuzi wa herufi huonekana. Katika Macintosh za sasa ipo kibodi iitwayo ABC Extended. Ukibonyeza Option pamoja na 'n', kisha ukabonyeza 'u' au 'i', utapata ũ au ĩ, herufi ambazo Gĩkũyũ na Kikamba haviandikiki sawasawa bila hizo. Nimepata kuwaonyesha walimu wa lugha za mama hila hiyo ndogo, na nyuso zao zilichangamka kuliko za watu wanaoonyeshwa kamera mpya. Kwa upande wa sauti, programu ya Praat iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam huendeshwa vizuri mno katika mashine hizi. Lakini, ili tusidanganyane, huendeshwa vizuri vilevile katika Windows na Linux, na kote hupatikana bure.

Walimu wa umri wangu waliobahatika kuiona HyperCard watanielewa nikisema kuwa Apple ilipata kuwajali. Programu hiyo, kazi ya Bill Atkinson, ilitoka mwaka 1987 na ikawa inatolewa pamoja na Macintosh bila malipo. Mwalimu asiyejua lolote katika utungaji wa programu aliweza kuunda rundo la kadi, akaweka neno hapa, picha pale, sauti kwingine, na mwanafunzi akawa anabonyeza na kujifunza. Kampuni iliiacha ichakae, na kufikia mwaka 2004 ikakoma kuiuza. Hilo nalo ni tone la maji katika tembo.

Basi na tuyaendee maji yenyewe. Mwaka 2017, toleo la iOS 11 lilileta kibodi ya Kiswahili katika iPhone, nasi tukashangilia. Kibodi hata hivyo ni mlango tu. Ukishaingia ndani, nyumba nzima yazungumza lugha nyingine: mipangilio, maonyo, maelekezo, majina ya vitufe. Katika iOS 17 ya mwaka 2023, lugha ambazo simu hiyo iliweza kuzungumza tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho zilikuwamo Kikatalani, Kikroatia na Kislovakia. Kiswahili hakikuwamo. Programu ya kutafsiri ambayo Apple iliizindua mwaka 2020 ilianza na lugha 11, na miongoni mwazo haikuwamo hata moja ya Kibantu.

Udhuru wa kwanza wa mashabiki ni kuwa kazi hiyo ni ngumu. Ugumu huo mbona haukuwazuia wengine? Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bila utajiri wowote wa kutajika, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu nzima ya kazi za ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Microsoft nayo iliandaa kiolesura cha Kiswahili kwa ajili ya Windows XP. Simu za Android, zikiwamo zile za bei nafuu ambazo mwanafunzi huzinunua kwa akiba ya mkopo wake, hukuwezesha kuchagua Kiswahili na kufunga safari.

Udhuru wa pili una uzito zaidi: kwamba wanunuzi wa iPhone katika Afrika Mashariki ni wachache, wana uwezo, na aghalabu hupendelea Kiingereza. Hapo ndipo ukweli unapojitokeza. Wazungumzaji wa Kislovakia hawafikii milioni 10. Wa Kiswahili, kwa makadirio ya UNESCO, wanapita milioni 200. Kinachohesabiwa basi si ndimi bali ni mifuko. Kampuni ya biashara ina haki ya kuhesabu mifuko, sikatai. Lakini haiwezi kutuhubiria kila mwaka kwamba mashine zake ni za kila mtu, kisha ikatutaka tuhesabu fedha kwa niaba yake. Lugha tunayoizungumzia ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba ya Kenya ya 2010, na tangu mwaka 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika.

Wanaodhani kwamba kazi yenyewe ni kupachika maneno ya Kiswahili mahali pa yale ya Kiingereza wanakosea pia, na hapa ningependa wanafunzi wa isimu wanisikilize kwa makini. Mtunzi wa programu aliyezoea Kiingereza huandika kiolezo kimoja: namba, nafasi ya nomino, kisha neno moja lenye maana ya kufutwa. Kiolezo hicho humtosha milele. Kwetu sisi hakimtoshi hata kwa asubuhi moja. Picha tatu zimefutwa, majina matatu yamefutwa, vitabu vitatu vimefutwa, watu watatu wamefutwa. Na ikiwa ni kimoja kimoja, imefutwa, limefutwa, kimefutwa, amefutwa. Hata namba yenyewe, ikiandikwa kwa maneno, hudai upatanisho: picha tatu, lakini vitabu vitatu. Ngeli zetu haziwezi kuchomekwa kama balbu. Sharti mashine ijue nomino ni ya ngeli gani kabla haijafungua kinywa.

Tazama na saa. Mswahili akisema atakuja saa moja asubuhi, mashine iliyolelewa California huelewa kuwa atabisha hodi usiku wa manane uliopita kwa saa moja. Simu inayodai kujua Kiswahili lazima ijue kuwa siku yetu huanza kwa mapambazuko, la sivyo mwanafunzi atakayeiambia imwamshe saa kumi na moja alfajiri ataukosa mtihani.

Suala la sauti ndilo linalonigusa zaidi. Mwaka 2009, iPhone ya 3GS ilikuja na VoiceOver, programu ya kuwasomea vipofu yaliyo kwenye skrini, ikiwa imejengwa ndani ya simu na bila malipo ya ziada. Kwa maoni yangu hilo ni tendo jema kuliko yote ambayo kampuni hiyo imetenda. Lakini sauti iliyofunzwa Kiingereza ikipewa kusoma Kiswahili, huyaona maneno 'pole', 'pale', 'mate' na 'wake' ikayatamka kwa Kiingereza, na sentensi nzima ikageuka fumbo. Mwenye macho atasoma mwenyewe na kucheka. Mwanafunzi asiyeona, anayetakiwa kuusikiliza ufahamu wa Kiswahili kisha ajibu maswali, hana pa kukimbilia. Tahajia yetu hulingana na matamshi kwa karibu mno, kiasi kwamba kuifundisha mashine isome Kiswahili ni kazi nyepesi kuliko kuifundisha Kiingereza chenyewe, lugha ambayo hata wenyewe huteguka ulimi wanapokutana na jina la mji wasioujua.

Lawama nyingine ni ya wasomi wa Kiswahili kwa jumla. Apple ikibisha hodi kesho na kuuliza mashine hii iitweje, tutaipa jibu gani? Vitabu vya shule vya Kenya vitasema tarakilishi, Tanzania itasema kompyuta. Simu ya mkononi kwa wengine ni rununu, na kipakatalishi hakijulikani na muuzaji hata mmoja wa vipakatalishi jijini Nairobi. Mimi natumia kompyuta, na wanaopenda tarakilishi waitumie. Neno hushinda sokoni, halishindi kwenye kongamano. Ila tusigombane juu ya jina la chombo huku menyu zake zote zikibaki katika lugha ya wenyewe. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iliundwa kwa shughuli za namna hii, na BAKITA na CHAKITA hazipungukiwi na watu. Orodha moja ya istilahi, iliyokubaliwa na pande zote, ingekata udhuru wa kampuni yoyote.

Kwa mwalimu anayeniuliza kama anunue mashine ya Apple, jibu langu ni fupi: asikope. Bei yake ni kali, betri yake si ya kubadilishwa na fundi yeyote wa mtaani, na kazi ya darasani hufanyika vyema katika mashine ya nusu ya bei hiyo. Mwenye nayo tayari aongeze kibodi ya Kiswahili katika mipangilio na kuitumia, kisha aiandikie kampuni kupitia ukurasa wake wa maoni akitaja upungufu mmoja mahususi: saa, upatanisho au sauti. Barua ya malalamiko ya jumla husomwa na kusahauliwa. Kosa lililoelezwa kinaganaga hupewa mtu wa kulishughulikia.

Wanafunzi wangu wa mofolojia watapata zoezi lao muhula ujao. Watachukua menyu ya mipangilio ya iPhone, kirai baada ya kirai, waifasiri, waonyeshe kila mahali ambapo kiolezo cha Kiingereza kinavunja upatanisho wa ngeli, kisha wawape wanafunzi wa kidato cha pili waitumie pasi na maelezo. Watakapokwama wale wa kidato cha pili, hapo ndipo tafsiri itakaporudiwa. Nakala moja itakwenda Zanzibar kwa Kamisheni, na nyingine California.