Anayeuanzisha Uchungu Ana Deni la Kuutuliza

Kiswahili hutumia neno moja kwa mambo mawili ambayo utabibu ungependa kuyatenga: uchungu ni kule kukaza na kulegea kwa mji wa mimba kunakomsukuma mtoto atoke, na uchungu huohuo ni maumivu anayoyasikia mzazi. Mwanamke hushikwa na uchungu, uchungu hukolea, uchungu hupoa, na methali inayosema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi hupata nguvu yake kutokana na mchanganyiko huo. Hakuna ubaya katika utajiri huo wa lugha, isipokuwa kwamba umezaa mazoea magumu katika wodi za wazazi, kwa sababu anayeomba maumivu yapunguzwe husikika kana kwamba anaomba uzazi wenyewe usimame, na jibu analopewa, kwamba avumilie kama walivyovumilia waliomtangulia, hupokewa kama ushauri wa kitabibu ilhali ni desturi tu.

Desturi hiyo inaweza kutetewa, japo kwa shida, pale uchungu unapokuja wenyewe mimba ikiwa imekomaa. Haina utetezi pale uchungu unapoagizwa na daktari na kuanzishwa kwa kidonge, mpira au dripu kabla mimba haijatimiza wiki 37, ambazo ndizo mpaka kati ya mtoto aliyetimiza siku zake na mtoto njiti. Hapo maumivu hayakuletwa na maumbile bali na tiba, kama yalivyo maumivu ya kidonda cha upasuaji, na hakuna daktari anayemwambia mgonjwa aliyetoka kupasuliwa tumbo kwamba dawa ya maumivu ni anasa. Msimamo wa safu hii ni kwamba hospitali inayouanzisha uchungu inajitwika deni la kuutuliza, na kwamba mazungumzo juu ya deni hilo yanapaswa kufanyika kabla dripu haijatundikwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa watoto njiti wapatao milioni 13.4, takriban mmoja katika kila watoto kumi. Wengi wao huzaliwa kwa uchungu uliokuja wenyewe mapema, lakini wapo ambao madaktari huamua watoke kwa sababu kuendelea kukaa tumboni kumekuwa hatari kuliko kutoka. Chupa inaweza kuwa imepasuka na maambukizi yakaanza. Mtoto anaweza kuwa ameacha kukua kwa sababu kondo la nyuma halimlishi vya kutosha. Na mara nyingi chanzo ni hatua ya awali ya kifafa cha mimba, yaani shinikizo la damu linalopanda baada ya wiki ya 20 ya ujauzito na kuathiri viungo kama figo, ini na ubongo, hali ambayo haiishi mpaka kondo la nyuma liwe limetoka mwilini. Mama wa namna hiyo huingia leba akiwa na hofu mbili, ya uhai wake na ya mtoto ambaye huenda hajafikisha kilo moja na nusu, na juu ya hofu hizo huongezwa uchungu ambao mwili wake haukuwa umejiandaa kuupokea.

Kutojiandaa huko kuna maana halisi ya kimwili. Mlango wa kizazi, ambao katika wiki za mwisho hulainika, hufupika na kuanza kufunguka, katika wiki ya 31 au 32 kwa kawaida bado ni mgumu, mrefu na umefungwa, na ukipimwa kwa alama alizozibuni daktari Edward Bishop wa Marekani mwaka 1964 ili kukadiria utayari wa mlango huo, hupata alama za chini. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuleta uchungu bali kuulainisha mlango, ama kwa mpira wa Foley, uleule unaotumika kutolea mkojo, ambao puto lake hujazwa maji likiwa juu kidogo ya mlango wa kizazi, upande wa ndani, na kuusukuma ufunguke taratibu, ama kwa misoprostoli, dawa iliyobuniwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo ambayo WHO inapendekeza itolewe kwa kumeza mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili. Utafiti uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2017, uliowahusisha wanawake 602 wenye shinikizo la damu la ujauzito, ulionyesha kuwa vidonge hivyo vya kumeza viliwawezesha wengi zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24 kuliko puto. Baada ya hapo hufuata oksitosini ya dripu, na kadiri matone yanavyoongezwa ndivyo uchungu unavyokuja karibukaribu, mpaka nafasi ya kupumua kati ya wimbi moja na jingine inakuwa finyu. Mimba changa huweza kuchukua siku mbili, hata tatu, kukamilisha safari hiyo, na ni dhuluma kumwacha mwanamke aamini kwamba mwili wake umeshindwa, wakati ambapo mwendo huo wa kobe ulitarajiwa tangu mwanzo na ungeweza kuelezwa kwa sentensi mbili.

Mwendo huo una faida yake. Tangu mwaka 1972, Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walipochapisha matokeo ya kuwapa mama sindano za steroidi ili mapafu ya mtoto yakomae haraka, imejulikana kwamba saa 24 hadi 48 kabla ya njiti kuzaliwa ni saa za thamani. Utafiti wa WHO uliotangazwa mwaka 2020, ambao Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, ulithibitisha kwamba deksamethasoni hupunguza vifo vya watoto hao hata katika hospitali zisizo na mitambo ya kifahari. Katika saa hizohizo mama mwenye dalili za kifafa hupewa magnesiamu salfeti, ambayo humkinga na degedege na, kabla ya wiki ya 32, humpunguzia mtoto hatari ya kuumia ubongo, ingawa humletea mama joto kali mwilini na ulegevu ambao asipoonywa hudhani ndiyo mauti yanabisha hodi. Kwa ufupi, muda mrefu wa kuanzisha uchungu ni muda wa tiba, na kwa sababu hiyohiyo ni muda mrefu wa maumivu unaohitaji mpango.

Hoja inayotumiwa mara nyingi kuukwepa mpango huo ni kwamba dawa za maumivu zitamdhuru mtoto mchanga ambaye tayari ni dhaifu. Hoja hiyo ni ya kuheshimiwa, na ina historia: Virginia Apgar, ambaye alama zake za kupima mapigo ya moyo, upumuaji, nguvu za misuli, mwitikio na rangi ya mtoto anayezaliwa zinaandikwa leo katika kila leba, alikuwa mtaalamu wa dawa za usingizi, na alipozichapisha mwaka 1953 miongoni mwa mambo aliyotaka kuyaona ni namna dawa anazopewa mama zinavyomgusa mtoto. Lakini swali la Apgar lilikuwa dawa ipi, kiasi gani na saa ngapi, na majibu yake hayafanani kwa dawa zote.

Mfano ulio karibu zaidi na hospitali za Afrika Mashariki ni pethidini, dawa ya jamii ya afyuni inayochomwa kwenye msuli. Dawa hii hupita kondo la nyuma, ikamfanya mtoto azubae na kupumua kwa uvivu, hasa akizaliwa ndani ya saa chache baada ya sindano, na ini changa la njiti huchukua muda mrefu kuiondoa. Pia huwafanya baadhi ya wanawake wasinzie na kutapika bila kuyaondoa maumivu yenyewe. Kanuni ya kawaida ni kuitoa mapema, mbali na wakati wa kujifungua, na katika saa za mwanzo za puto na vidonge inaweza kumpa mama usingizi anaouhitaji. Tatizo ni kwamba uchungu wa njiti ni mgumu kuukadiria mwishoni, kwani baada ya siku mbili za kusuasua mlango unaweza kufunguka ghafla, na kichwa kidogo hakisubiri sentimita 10 zitimie. Ndiyo maana pethidini, ambayo ndiyo huwa ya kwanza kufikiriwa kwa kuwa ni rahisi kuitoa, kwa mtoto huyu hasa inahitaji tahadhari kubwa, na inapotolewa ni lazima awepo mtu anayejua kumsaidia mtoto kupumua.

Epidurali, ambayo watu wengi huiogopa zaidi, husimama mahali tofauti kabisa. Hii ni ganzi inayopitishwa kwa mrija mwembamba katika nafasi iliyo nje ya utando unaofunika uti wa mgongo, ambako dawa kama bupivakaini iliyochanganywa na fentanili kidogo huzima maumivu ya tumbo na nyonga huku mama akibaki macho na mwenye akili zake timamu. Kiasi cha dawa kinachomfikia mtoto ni kidogo. Shinikizo la damu lililopanda husaidiwa kutulia. Mama hapati msukumo wa kusukuma kabla mlango haujafunguka, na kusukuma huko mapema kuna hatari ya pekee pale njiti anapotanguliza matako. Na ikilazimu kupasua ghafla, ganzi huongezwa kwa mrija uleule badala ya kumlaza nusu kaputi mwanamke ambaye koo lake limevimba kwa ugonjwa. Kumbukumbu za wanawake zaidi ya 567,000 waliojifungua Scotland kati ya mwaka 2007 na 2019, zilizochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2024, zilionyesha kwamba waliopata epidurali walikuwa na madhara makubwa ya uzazi pungufu kwa asilimia 35, na kwa waliojifungua njiti pengo lilifika asilimia 47. Uchambuzi wa kumbukumbu hauthibitishi kwamba sindano ndiyo iliyookoa, kwa kuwa mwenye epidurali huangaliwa pia kwa ukaribu zaidi, lakini unatosha kuvunja dhana kwamba njiti ni sababu ya kumnyima mama ganzi. Vikwazo vya kweli ni vingine, navyo hupimika: chembe sahani za damu zikishuka sana, kama kifafa cha mimba kinavyoweza kuzishusha, mrija unaweza kusababisha damu kuvia karibu na uti wa mgongo, na hapo jibu la hapana ni la haki.

Mtu atasema kwamba mazungumzo haya ni ya Scotland. Ni kweli kwamba katika hospitali nyingi za umma za Tanzania na Kenya sindano ya mgongoni hutolewa kila siku katika chumba cha upasuaji lakini haivuki kwenda leba, kwa kuwa epidurali humtaka mtaalamu wa ganzi na mkunga wabaki na mama mmoja kwa saa nyingi. Gesi ya nitrasi oksidi iliyochanganywa na oksijeni, anayoivuta mama mwenyewe na ambayo hutoka mwilini kwa pumzi dakika chache baadaye, ingekuwa mbadala mzuri, lakini leba nyingi hazina. Hata hivyo, uhaba wa vifaa haufuti mambo yasiyohitaji vifaa, ambayo miongozo ya WHO ya mwaka 2018 imeyaweka bayana: mwenza anayechaguliwa na mama mwenyewe, kukandwa mgongo, kitambaa cha maji ya moto, mbinu za kupumua, na uhuru wa kukaa mkao anaoutaka pale dripu na vipimo vinaporuhusu. Mama mzazi, shangazi au kungwi anayebaki nje ya geti la wodi, akisubiri kuitwa apokee kanga zilizolowa, ni tiba iliyofungiwa nje kwa kukosekana pazia la faragha kati ya kitanda na kitanda. Kuna pia jambo moja la kuonya, kwamba vidonge vya diklofenaki vinavyouzwa kila duka la dawa havifai kwa kazi hii, kwa maana dawa za jamii hiyo zinaweza kubana mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto aliye tumboni na kuziathiri figo zake, na mitishamba ya kuongeza uchungu ikikutana na dripu huweza kuukaza mji wa mimba mpaka mtoto akose hewa.

Uchaguzi wa dawa unagusa pia saa ya kwanza ya mtoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao Hospitali ya Taifa Muhimbili ilikuwa kituo kimojawapo, ulionyesha kwamba kumweka njiti kifuani kwa mama kwa mtindo wa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri atengemae, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Mama aliyelewa pethidini hawezi kukabidhiwa mtoto wa gramu 1,400 na kuachwa amshike peke yake.

Mwaka 2020 WHO ilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, unaochukua nafasi ya patografu ya zamani, na ndani yake kuna mstari wa kujaza kama mama amepata kitulizo cha maumivu. Mkunga huandika herufi moja kati ya tatu: moja kwa ndiyo, moja kwa hapana, na moja kwa maana kwamba mama ameulizwa naye amekataa. Kasoro ya karatasi hiyo ni kwamba hujazwa kuanzia mlango unapofikia sentimita 5, wakati ambapo aliyewekewa puto katika wiki ya 32 huenda amekwisha kulala usiku mbili za maumivu ambazo hazina mstari popote. Hospitali isiyo na fedha ya mrija wala gesi inaweza kuuchora mstari huo kwa rula kwenye faili, uanze saa puto linapoingizwa, na kila baada ya saa moja mkunga aandike kama jibu ni hapana kwa kuwa hakuna aliyeuliza, au kwa kuwa mama mwenyewe amesema bado anaweza.