Mastaa Mnaotaka Kuongozwa Bure Mtoni, Lipeni Mzee Wa Watu!

Kuna kapo moja ya Nairobi, jamaa ni mwanamuziki na bibie ni sosholaiti, ambayo wiki nzima imejaza mitandao na picha za mizigo. Eti Julai hii wanaenda kula kiangazi kwa kuvua trauti kwenye mito ya Aberdare, na wanavua kwa nzi bandia, kama watu wa majuu. Mito yenyewe hakuna kati yao aliyewahi kuitia mguu. Hapo hakuna neno. Pesa ni zao, raha ni zao.

Shida ilianza walipotafuta mtu wa kuwaongoza. Mzee mmoja wa Nyeri, anayekula kwa kazi hiyo, akawatajia bei yake ya siku. Wakamjibu, "Mzee wetu, sisi tutakutagi, utapata wafuasi kibao." Mzee akasema, "Wanangu, duka la kwetu halipokei wafuasi." Basi wakaposti mazungumzo yote, na mashabiki wakamvamia mzee wa watu kama nyuki. Oh, ana roho mbaya, oh, hajui biashara ya kisasa.

Hajui? Kiangazi gani Aberdare mwezi wa Julai? Huko ni ukungu na baridi ya kung'ata mifupa, na bibie na kijigauni chake cha pinki atatetemeka kabla hajarusha mshipi. Halafu maji yale ni maangavu. Trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, kwa hiyo mvuvi humjia kwa nyuma, kutoka chini ya mto, polepole, amevaa rangi za msitu. Ukija na pinki na spika ya muziki, samaki utamwona kwenye menyu tu. Vijito vingi ni vyembamba, miti na mianzi imeviinamia, na ule ufito mrefu wanaouonyesha kwenye picha utanasa matawi siku nzima. Mvua ikipiga mlimani usiku, asubuhi mto umebadilika rangi na kina. Tena ile ni hifadhi: kuna nyati na tembo, kuna ada ya kuingia, kuna leseni ya kuvua. Ujuzi wa haya yote ndio mzee anaouza.

Kichekesho ni hao nzi bandia. Kapo inajigamba wameagizwa Marekani kwa dola. Jamani, Kenya imekuwa ikifunga nzi hao kwa mikono kwa miongo mingi na kuwauza Ulaya na Marekani! Huenda wamenunua kazi ya mama wa hapa hapa, ikavuka bahari, ikarudi na bei ya juu. Mwenye duka wa ng'ambo walimlipa bila kubana, wala hakuna aliyemwambia atatagiwa.

Hata trauti mwenyewe ni mgeni, aliletwa na walowezi mwaka 1905. Ila wanaojua leo amejificha kidimbwi kipi ni watu wa pale pale.

Gari limelipiwa. Hoteli imelipiwa. Mpiga picha keshapata nusu yake. Anayeombwa msaada ni yule mmoja tu anayejua nyati hushukia wapi kunywa maji, na mpaka jana walikuwa hawajampigia tena.