Printa Chakavu: Tuifungue Kabla ya Kuitupa

Ukiingia katika stoo ya ofisi ya umma au ya shule mjini Kasulu au Kibondo, si ajabu kukuta, nyuma ya viti vilivyovunjika na majalada ya zamani, printa ya leza iliyokwisha kazi. Imekaa hapo miaka mingi, imeshiba vumbi, na hapana mtu anayejua ifanywe nini. Siku stoo inapojaa, mashine hiyo hutolewa nje, ikatupwa katika shimo la taka pamoja na majani makavu, kisha ikatiwa moto. Desturi hiyo haina budi kukomeshwa.

Wilaya hizi mbili zimetumia karatasi nyingi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi. Kuandikisha watu na kugawa chakula ni kazi ya karatasi, sawa na mitihani ya shule na mihtasari ya vikao. Kabla ya gridi ya Taifa kufika mwanzoni mwa miaka ya 2020, mashine za miji hii zilitegemea majenereta ya dizeli, na umeme usiotulia ni adui wa mashine. Basi mashine chakavu haziwezi kukosekana.

Wapo wanaodhani kwamba moto humaliza taka. Hawajui kwamba plastiki ya mashine hizi mara nyingi imetiwa dawa ya kuzuia moto, na moshi wake una sumu. Bodi za umeme za mashine za zamani zimeunganishwa kwa risasi, ambayo hudhuru akili ya mtoto hata ikiwa kidogo. Majivu yanayobaki huchukuliwa na mvua. Mto Ruchugi unashuka kutoka Kasulu na kukutana na Malagarasi huko Uvinza, na Malagarasi humwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi ilitambuliwa kimataifa mwaka 2000, ikiwa ya kwanza nchini chini ya Mkataba wa Ramsar. Je, ni haki tuipelekee majivu ya ofisi zetu?

Njia iliyo bora ni kuifungua mashine na kutenganisha sehemu zake. Lakini kwanza ifuatwe sheria. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Printa ya umma, hata ikiwa mbovu, ni mali ya umma. Ifutwe kwanza katika rejesta kwa kibali cha wenye mamlaka, na afisa mazingira wa halmashauri ashirikishwe, kwa kuwa Kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme hazizihesabu taka hizi kuwa sawa na maganda ya ndizi.

Kazi yenyewe ataka mtu mwenye subira na bisibisi. Mashine ichomolewe katika umeme, iachwe ipoe, na isiwashwe tena ikiwa wazi, kwa sababu mwanga wa leza yake hauonekani kwa macho lakini waweza kuyadhuru. Kasha la wino litolewe zima, lifungwe katika mfuko, lisipasuliwe wala kuchomwa moto. Wino huo ni poda laini ya plastiki, na haufai kuvutwa puani. Ukimwagika, ufutwe kwa kitambaa chenye maji baridi, maana maji ya moto huugandisha. Sehemu inayopokea umeme wa ukutani iachiwe fundi, kwa kuwa kapasita zake huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Yanayobaki ni hazina kwa mwalimu wa fizikia. Kuna kioo chenye nyuso kadhaa ambacho huzunguka kwa kasi na kuutembeza mwanga wa leza juu ya ngoma. Mahali mwanga ulipogusa, chaji ya umeme hubadilika, poda ya wino ikanasa hapo, ikahamia kwenye karatasi, kisha ikayeyushwa na joto. Hilo ni somo la umemetuli. Kuna gia, springi, mihimili ya chuma na mota ndogo. Mota ya aina ya hatua ikizungushwa kwa mkono yaweza kuwasha taa ndogo, na mwanafunzi akaona kwa macho yake umeme unavyozaliwa. Shule ngapi zimekuwa zikilalamika kwamba hazina vifaa vya maabara, huku vifaa vimefungiwa stoo?

Lipo jambo jingine linalowahusu watumishi wa umma. Baadhi ya printa kubwa zina diski inayohifadhi nakala za maandishi yaliyochapwa. Mitihani, barua za siri na orodha za watu zaweza kubaki humo. Anayemwachia mnunuzi wa vyuma chakavu mashine ya namna hiyo amempa na masjala. Diski itolewe na iharibiwe mbele ya mashahidi, kama inavyostahili tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Watasema baadhi yetu kwamba hiyo ni kazi ya mafundi wa Dar es Salaam. Lakini Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000, na printa nzima ni mzigo mkubwa. Kasha la wino, ngoma na bodi zake huingia katika sanduku dogo, likasubiri gari liendalo kwa mkusanyaji mwenye leseni. Duniani kote, mwaka 2022, zilizalishwa tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na ni chini ya robo tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Hatuwezi kuzimaliza tani hizo. Lakini printa iliyo katika stoo yetu ni yetu, na ufunguo wa stoo tunao sisi.