Sinema za Watoto Zarudiwa kwa Faida ya Nani?

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini kampuni ya Disney ya Marekani imekwisha kutambua kwamba hata cha kale ni kinyemi, mradi kivishwe nguo mpya. Kwa zaidi ya miaka kumi imekuwa ikizichukua sinema zake za katuni na kuzitengeneza upya kwa waigizaji watu, au kwa wanyama wanaofanana kabisa na wa kweli.

Je, ni nani hasa anayevutwa na sinema hizi? Wengi watajibu: watoto. Mimi sikubaliani nao. Hebu tuhesabu miaka. Beauty and the Beast ilitoka 1991, ikarudiwa 2017. Aladdin ilitoka 1992 na The Lion King 1994. Zote mbili zikarudiwa 2019. Lilo & Stitch ya 2002 ikarudiwa 2025. Kila moja ilipokuja mara ya pili ilichuma zaidi ya dola bilioni moja. Kati ya mara ya kwanza na ya pili ni miaka 23 hadi 27, yaani muda wa mtoto kukua, kufunga ndoa na kupata mtoto wake mwenyewe.

Mtoto wa miaka sita hana la kukumbuka. Mwenye kukumbuka ni baba na mama, nao ndio wanaolipa kiingilio. Snow White ya 1937 iliporudiwa 2025 haikufua dafu. Sikatai kwamba ilizungukwa na ugomvi mwingi, lakini pia waliokuwa watoto mwaka 1937 sasa ni wachache mno.

Kuna atakayeniuliza: mbona The Jungle Book ya 1967 ilipendwa sana iliporudiwa 2016? Jibu langu ni kwamba watengenezaji wake walithubutu kuigeuza. Katika ile ya zamani Mowgli anamfuata msichana kijijini; katika hii mpya anabaki porini na wenzake. Hiyo ilikuwa hadithi iliyosimuliwa tena, si nakala.

The Lion King ya 2019 haikuthubutu hivyo. Ilifuata nyayo za mama yake karibu hatua kwa hatua. Wanyama wake walitengenezwa kwa kompyuta, na ungedhani unatazama Maasai Mara. Lakini simba wa kweli hana uso wa kulia. Katika michoro ya 1994, Simba mdogo alipofiwa na baba yake, majonzi yote yalikuwa machoni na kwenye nyusi zake. Katika ile mpya manyoya yanapendeza, lakini uso umenyamaza. Uhalisi umenunuliwa, huzuni ikauzwa.

Jambo hili latuhusu sisi zaidi ya wengine, maana majina ni yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Nasi tuna Sungura na Fisi wetu. Bibi aliposema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", hakuna aliyetaka kuona manyoya ya kweli ya Sungura. Tulitaka kujua safari hii ataponyokaje. Na hadithi ya jana, bibi akiirudia leo, aliongeza wimbo, akaigeuza sauti ya Fisi, akamtia ndani mtu mlafi tuliyemjua sote. Kurudia si kosa. Kosa ni kurudia bila kuongeza chochote.

Sisemi tusiwapeleke watoto sinema. Nasema mzazi, kabla hujakata tikiti, jiulize: humo ndani mna kipya gani cha mtoto huyu? Ukikosa jibu, rudini nyumbani, kaeni pamoja, umsimulie habari za Sungura kwa kinywa chako. Kumbukumbu za utoto wako ni mali yako. Mtoto naye anastahili kupata zake.