KAZI YA MIKONO: Jiwe Juu ya Freze

Kijana mwenye freze ya zamani ndani ya atelie ya nyumbani, hapa Rughenda ao pengine Butembo, siku moja wazo linamjia: «Nikifunga jiwe la kusaga pahali pa kisu, mashini moja itanifanyia kazi mbili.» Wazo si baya. Lakini tuhesabu gharama kwanza.

Kwanza, ni chuma gani? Kulase ya pikipiki, kile kifuniko cha juu cha moteri, mara nyingi ni ya aluminiyomu. Aluminiyomu inaziba matundu ya jiwe, jiwe linapata moto, linaweza kupasuka. Kwa kulase tumia kisu cha jino moja. Ndiyo kazi ya freze. Jiwe ni la chuma kigumu, kilichochomwa na kuzimishwa, ambacho kisu kinashindwa.

Pili, mwendo. Jiwe la upana wa sentimita 15 likizunguka mara 3000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia karibu mita 24 kwa sekunde. Mara 1000 tu, ni karibu mita 8: jiwe linamomonyoka bure. Lakini usipite hata kidogo mwendo ulioandikwa juu yake. Kabla ya kulifunga, litundike kidoleni, uligonge na kijiti. Likilia kama kengele, ni zima. Likilia kama chungu kilichopasuka, litupe. Vaa miwani, usisimame mbele yake. Kila mara ondoa sehemu 1 ya 100 ya milimeta, basi.

Tatu, vumbi. Hapa ndipo hasara inajificha. Vumbi la jiwe ni gumu kuliko chuma. Likichanganyika na mafuta chini ya meza, kila ukisukuma meza mashini inajila yenyewe. Leo huoni kitu; kesho meza inacheza, na kazi haiko sawa tena. Funika njia za meza na plastiki iliyofungwa vizuri, mbali na jiwe. Ukimaliza, panguza, usipulize na kompresa, sababu upepo unaingiza vumbi ndani. Halafu tia mafuta mapya.

Kama ni kazi ya mara moja, fanya pole pole. Kama ni ya kila juma, peleka chuma kwa fundi mwenye mashini ya kusaga. Freze yako ndiyo inalipa franga za masomo ya watoto. Usiiache iliwe na vumbi.