MWALIMU NA UFUNGUO WA BWENI

Usiku mmoja wa Machi 2001 moto uliwashwa katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Huku kwetu, Juni 1994, wasichana wapatao 40 waliteketea Shauritanga, Kilimanjaro.

Jirani zetu walitoa kanuni mwaka 2008: madirisha ya bweni yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje, kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Kanuni njema kabisa. Lakini Septemba 2024 watoto 21 walikufa motoni katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Twasema wazi, ndugu wanachama, kwamba karatasi haifungui mlango. Hufungua mtu, na saa nane ya usiku mtu aliye karibu ni mwalimu wa zamu.

Je, mwalimu huyo amefundishwa? Mwanachuo hupimwa jinsi anavyoandika ubaoni na anavyoandaa somo. Twataka apimwe pia hivi: aamshwe usiku katika shule ya mazoezi, apige kengele, awatoe watoto gizani wakiinama chini ya moshi, awakusanye uwanjani, kisha aite majina kwa daftari mpaka ajue nani hayupo. Akishindwa, arudie. Cheti kingoje.

Watajibu kwamba ratiba imejaa. Jibu hilo tumelizoea. Kama imejaa hata imekosa nafasi ya roho za watoto, basi na ipunguzwe kitu kingine.

Wala si moto peke yake. Tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016 liliharibu vibaya majengo ya Ihungo na Nyakato. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Lingekuja Jumatatu saa nne asubuhi, nani angewaambia watoto wa shule za msingi wajikinge chini ya madawati, wasikimbilie mlango mmoja wote kwa pamoja?

Nanyi wanachama mlio katika kamati na bodi za shule, msingoje vyuo. Nendeni wiki hii hii mkatazame madirisha ya mabweni, na mwulize ufunguo hulala kwa nani.